Walichukua Kilio Chetu Wakakiita Furaha

Alhamisi, jioni. Mvua imenyesha hapa Ndosho, Goma, tangu mchana, tope jeusi hadi mlangoni, na mimi nina hasira ambayo hata chai imeshindwa kuishusha.

Leo sina adabu. Anayetaka adabu akasome pengine.

Mwezi uliopita tulimzika mdogo wangu Claude. Alikuwa motari, akibeba watu kwa pikipiki kati ya hapa na Katindo, mpaka lori lilipomgonga. Hapa kwetu motari akifa, wenzake hawamwachi aende kimya. Walikuja na pikipiki zao, wamefunga matawi ya miti mbele kama inavyofanywa kwa msiba, wakapiga honi njia nzima hadi makaburini, upande wa Kibati. Mimi nilipakiwa na rafiki yake, tawi mkononi, nikiita jina la Claude mpaka koo likakauka.

Juzi nilikuwa sokoni, ninakouzia vitenge. Mama Noella wa meza ya jirani akaninyooshea simu yake huku anacheka.

"Eeh, kumbe weye uko mutu wa serikali! Na haukutuambia!"

Nikatazama video. Ni sisi. Pikipiki zilezile, matawi yaleyale. Honi wameziondoa, wameweka muziki wa kucheza, na chini wameandika kwamba wananchi wa Goma wamejitokeza kwa furaha kuwaunga mkono wakubwa wa serikali. Jeneza wamelikata, halionekani popote. Mimi naonekana vizuri kabisa, mikono juu, mdomo wazi.

Ukiondoa sauti, mtu anayelia na mtu anayeshangilia wana mdomo mmoja. Mimi sikulijua hilo. Wao walilijua.

Nilipomweleza Mama Noella, kicheko kilimkauka. "Yesu wangu," akasema, akanishika mkono.

Niseme ukweli, maana nikidanganya hapa nitausemea wapi? Mimi si adui wa serikali. Kuna mambo yao ninayoyapenda. Wangekuja wakaniambia, "Dada, Jumamosi tunatembea kwa ajili ya amani," pengine ningevaa kitenge changu kizuri nikaenda. Ndiyo maana inaniuma hivi. Hawakuniomba. Waliniiba, na waliiba siku mbaya kuliko zote za maisha ya mama yangu.

Leo mchana chefu wa avenue yetu, kiongozi wa mtaa, alifika nyumbani. Si mtu mbaya. Alikesha nasi matangani, alichanga kuni. Lakini alikuwa ametumwa, na mtu aliyetumwa unamjua kwa jinsi anavyokaa ukingoni mwa kiti.

"Mama, muvumilie," akaanza. "Inchi iko ku vita, batu banahitaji moyo. Uongo wa kujenga si uongo."

Kisha akanigeukia mimi.

"Na weye, usiandike kitu. Meza yako ya sokoni iko ku kiwanja ya commune, unajua."

Najua; manispaa wakitaka, wananiondoa kesho. Meza hiyo ndiyo inayotulisha, mimi na mama, tangu Claude aondoke. Niliogopa. Nilikuwa bado natafuta jibu la kistaarabu, mama akanitangulia.

"Muzee, siku ile ulibeba jeneza. Ulibeba na bega gani?"

Chefu akagusa bega la kulia.

"Basi hilo bega liende likawaambie kama ulikuwa unafurahi."

Aliondoka bila hata kumaliza maji yake. Namhurumia kidogo, lakini kidogo tu.

Uongo wa kujenga! Wanajenga nini, na nani atalala humo? Kama wanapendwa, wangoje watu watoke wenyewe. Na kama hawapendwi, hiyo nayo ni habari, wailazimishe mioyo yao kuisikia. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hapa kwetu imekuwa ndefu kwa sababu sisi wenyewe tunamfagilia kwa kunyamaza.

Kuna swali limekaa nami tangu juzi na halitaki kutoka. Zile video nyingine zote, za serikali hii na za wale waliotangulia, nilizotazama nikisema, "Ee, watu wamejaa kweli!" Wale watu walikuwa wanamzika nani?

Sitanyamaza. Naandika.

Jumamosi tunaondoa matanga. Wamotari wamekubali kupita tena barabara ileile, na matawi yao. Mama ametoa shuka lake jeupe, lile la harusi yake, na vijana wataliandika kwa rangi nyekundu, herufi kubwa za kusomeka kutoka ng'ambo ya barabara: CLAUDE AMEKUFA, TUNAMULILIA. Nilimuuliza kama hasikitikii shuka. Akaniambia nisimsumbue.

Kamera zije. Zije nyingi.

Na meza yangu wakiichukua, waichukue. Vitenge nitavibeba kichwani, nyumba kwa nyumba, Ndosho yote, na kila mlango utakaofunguliwa, kabla sijataja bei, nitasema kwamba siku ile nilikuwa ninalia.