Boneti Tuliyoibeba na Baba Mkwe

Soweto, Mbeya
Jumapili, tumetoka kanisani

Mama yangu,

Kamwene, Mama. Natamani barua hii ikukute umekaa nje kwenye jua, magoti yamekupa nafasi na kile kikohozi kimehama. Mvua zimefika Kilolo, au bado mnatazama mawingu? Mmeshaweka mbegu? Na yule ng'ombe ameshazaa, au bado anawasumbua tu? Soksi nilizokuletea uzivae, Mama. Sikuzinunua zikae kabatini.

Utauliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Nikikupigia unaweka spika, na ukishaweka spika kaka Yohana anajibu kabla yako, na wifi anajibu kabla ya kaka. Safari hii nataka kusema na wewe peke yako. Nimempa barua mwalimu jirani yetu anayekuja Iringa, ataiacha dukani kwa kaka pale Kihesa. Nimeibandika kwa gundi. Ukiikuta imefunguliwa unajua wa kumuuliza. Chukua miwani, usome taratibu.

Kaka aliniambia kwamba akishamaliza kupanda atakuja na gari kunichukua mimi na vyombo vyangu, na kwamba ndugu za baba Tusa nao watakuja kumchukua mgonjwa wao wampeleke Rungwe. Mlikubaliana kwa simu, wakubwa wa huko na wakubwa wa huku, na mimi nikaambiwa mwisho, kama mpangaji anayepewa notisi. Siku ile sikubisha. Nisikufiche, Mama, nilikuwa nimechoka mpaka kwenye mifupa, na niliposikia neno nyumbani nililia kwa raha. Nikatoa begi chini ya kitanda na kuanza kukunja vitenge. Baba Tusa alikuwa amelala pale pale, ananiangalia, na hakuna alichoweza kusema.

Unajua jinsi ugonjwa ulivyomkuta, lakini nilikueleza juu juu tu. Ilikuwa wiki ya Pasaka. Alikuwa ameanza kulipiga rangi pikapu lake mwenyewe, hapa uani, kwa makopo ya spreyi, kwa sababu bei ya fundi wa gereji ilimshinda. Lilikuwa limeliwa na kutu kwa miaka ya kubeba viazi vya Uyole. Aling'oa milango na boneti, akaviegemeza ukutani, akawa anasugua mlango wa kushoto kwa msasa. Nikaona msasa umemdondoka. Akainama kuuokota, vidole vikakataa. Nilidhani ananitania, unamjua alivyo. Alipogeuka uso ulikuwa umeshuka upande mmoja.

Aliporudi kutoka hospitali, mkono na mguu wa kulia vilikuwa vimelala, na maneno yalikuwa yamebaki ndani. Anaelewa kila kitu, Mama. Hilo ndilo watu hawataki kuliona. Wanakuja kumpa pole, wanakaa mbele yake, halafu wananiuliza mimi: "Anakula? Anajisaidia mwenyewe? Anatambua watu?" Naye anawatazama mmoja mmoja. Mimi nilikuwa nawajibu, na siku hizi najiuliza kwa nini nilikuwa nawajibu.

Gari likabaki vile vile uani, nusu nyeupe ya zamani, nusu kijivu cha rangi ya chini, kuku wanalala kwenye bodi. Shemeji Lusajo, mdogo wake, alikuja akalizunguka, akasema tulikate tuliuze chuma chakavu. Aliyasema hayo dirishani, na mwenye gari yuko ndani anasikia. Nilipoingia nilimkuta amegeukia ukuta, na uji hakuunywa.

Nililichukia lile pikapu, nakwambia kweli, kwa sababu ndilo alilokuwa akilishughulikia alipoanguka. Lakini kesho yake nilipokuwa nafagia chini ya kitanda nilikuta ndoo yenye makopo ya spreyi ya bluu, yale aliyokuwa akinunua moja moja kila akipata chochote. Nikachukua kopo moja nikalitikisa, bila sababu yoyote. Unajua kuna kijigololi mle ndani kinagonga gonga. Baba Tusa akageuka kutoka ukutani. Nikatikisa tena. Akanyoosha mkono wa kushoto kuelekea uani.

Nikavaa suruali yake ya kazi, nikajifunga kitambaa puani, nikamtoa na kiti. Ndivyo tulivyoanza. Majirani walicheka sana. Mmoja alikuwa akipita anapiga kelele, "Mama Tusa, ukimaliza gari uje unipake na mimi!" Nilimwacha acheke. Baba Tusa alikuwa ananifundisha kwa mkono ule mmoja. Akinyoosha kiganja hivi, niko karibu mno. Akipepea, mkono wangu umesimama mahali pamoja. Makopo yakiwa baridi asubuhi ananionyesha beseni, niyaweke kwenye maji ya uvuguvugu kwanza, na nikichemsha maji anatikisa kichwa kwa hasira, maana kopo likipata moto linapasuka. Mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza la rangi, unatakiwa uwe mwepesi hata uone chuma chini yake. Mimi sikuwa na subira hiyo. Siku ya mlango wa kulia nilipuliza nikaongeza, nikapuliza nikaongeza, na rangi yote ikachuruzika mpaka chini.

Basi akapiga ngumi kwenye kiti, uso ukamwiva, midomo ikahangaika, na akasema, "Msasa!"

Mama, nilidondosha kopo. Miezi yote ile nilimwogesha, nilimlisha, nilimgeuza kitandani, na neno lake la kwanza halikuwa Adelina. Lilikuwa msasa, nifute upuuzi wangu nianze upya. Nilicheka huku nalia, na nikaufuta mlango wote. Tangu hapo maneno yamekuwa yanakuja, moja leo, moja kesho kutwa, na karibu yote ni ya kazi. Nilianza kulisahau lile begi.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe, la jana.

Unajua habari ya baba mkwe. Kwetu Wahehe mkwe anaheshimiwa, lakini wazee wa Kinyakyusa wa rika lake wamezidi. Mke wa mwanawe haonani naye. Vijana wameshaiacha mila hiyo, yeye hajaiacha. Tangu niolewe sijawahi kumtazama usoni. Namjua kwa kikohozi chake na viatu vyake vya kahawia. Hata hospitali, alipoingia kwa mlango huu mimi nilitokea ule. Sijawahi kumsikia akinisemesha, na sikuwahi kuona ubaya, ndiyo heshima yenyewe.

Jana jua lilikuwa kali na tulikuwa kwenye boneti. Nilikuwa nimeisimamisha juu ya stuli mbili na kuiegemeza kwenye nguzo ya kamba ya nguo, nimemaliza mkono wa mwisho, inang'aa kiasi kwamba hata baba Tusa hakuwa na la kukosoa. Nikasikia kikohozi langoni. Hakuna aliyekuwa ametupa taarifa. Sikuwa na pa kukimbilia, mlango wa nyumba uko upande wa lango. Nikaingia nyuma ya boneti nikachuchumaa, na suruali ya mwanawe mwilini.

Akamkaribia mwanawe. "Ndaga, mwanangu," akamsalimia. "Umekonda."

Baba Tusa akatoa sauti tu.

"Nimekuja na Lusajo, gari iko pale barabarani. Twende nyumbani. Mama yako ameshatandika kitanda. Huyu mwanamke na yeye atachukuliwa na kwao, wameshasema. Hakuna ugomvi."

Mama, nilikuwa nimefika mwisho. Siku niliyoambiwa itakuja baada ya kupanda ilikuwa imenijia pale uani, nimechuchumaa nyuma ya chuma, na mila inanizuia hata kutoka kusema naomba. Nilisikia baba Tusa anahangaika kupumua. Halafu nikaona vile viatu vya kahawia vinaisogelea boneti na kivuli cha mkono kinanyooka ardhini, mzee anataka kuigusa.

"Mbichi!" baba Tusa akapiga kelele.

Mzee akaruka nyuma. "Unasema nini?"

"Rangi. Mbichi."

Nadhani hakuwa amesikia neno kwa mwanawe tangu hospitali. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa imepungua. "Nani anapaka hii gari?"

Alijua. Miguu yangu ilikuwa inaonekana chini ya boneti.

"Mke," akasema baba Tusa. Akapumzika. "Mke wangu."

Sijui kama utanielewa. Niliuma kile kitambaa nilichojifunga usoni.

Na hapo hapo mvua ikashuka. Mvua ya kwanza ya msimu huu, bila radi, matone makubwa yale ya kuanzia. Tone likiingia kwenye rangi mbichi kazi yote imekwisha. Baba Tusa alianza kupiga kiti kwa mkono, "Ndani! Ndani!" na mimi siwezi kuibeba peke yangu, si kwa uzito bali kwa upana, maana lazima ishikwe pembeni tu, pande zote mbili. Lusajo yuko barabarani. Mzee akavuta pumzi mara moja, akasema kwa sauti, "Mwambie mke wako ashike upande wake. Mimi sitatazama."

Sikungoja kuambiwa. Nikashika. Tukainyanyua ikiwa imesimama kati yetu, yeye huko, mimi huku, naona vidole vyake tu kwenye ukingo na vile viatu vya kahawia chini. Yeye ndiye aliyetembea kinyumenyume, mzee wa umri ule. Tulipofika mlangoni akasema, "Kizingiti hicho."

Hayo ndiyo maneno ya kwanza baba mkwe kuniambia maishani.

Tukaiweka sebuleni, tukaiegemeza kwenye kabati la vyombo. Nikabaki upande wangu, yeye upande wake, wote tunahema. Ndipo tukasikia mtu anacheka nje. Mama, tulikuwa tumemsahau mgonjwa! Tumeokoa chuma, tumemwacha mtu kwenye mvua. Alikuwa kwenye kiti amelowa mpaka masikioni, anacheka kicheko chake kile kile cha zamani, hakijapinda hata kidogo. Mzee akatoka mbio. Nilimsikia anasema, "Mwanangu, tumekusahau, tumekusahau," na mzee naye anacheka, halafu hakuwa anacheka tena, alikuwa analia kwa sauti kama mama. Akamkokota na kiti chake mpaka barazani, peke yake, akavua koti lake akamfunika.

Wakakaa pale, mvua ikinyesha. Mimi nilikuwa nimeketi sakafuni nyuma ya boneti, siwezi kutoka, nasikiliza bati.

Kisha mzee akasema, na najua aliongeza sauti ili nisikie, "Nilikuja kukuchukua. Siwezi. Hapa una kazi na una mtu wako. Nikikupeleka kule utalala tu ukiangalia dari." Akamwita Lusajo, akamwambia ageuze gari. Akasema atatuma ndizi. Akaondoka bila kugeuka mlangoni.

Kwa hiyo, Mama, upande ule wameshaamua. Umebaki upande wetu, na ndiyo sababu ya barua hii. Mwambie kaka Yohana asije. Mafuta ya gari ayaweke kwenye mbolea.

Usifikiri nimelewa na furaha ya siku moja. Mlango wa kushoto bluu yake haifanani na nyingine, dukani waliishiwa ile ya kwanza. Daktari hajasema atatembea, na mimi sijamuuliza mara ya pili. Pikapu likikamilika litaendeshwa na kijana wa jirani kubeba viazi, na tutakachopata ndicho tutakachokula. Mimi bado nauza maharage yangu sokoni. Kuna asubuhi mgongo unakataa, na kuna asubuhi nakasirika bila sababu nikamlisha kwa haraka, naye anajua.

Najua kwa nini unaniita. Ulimuuguza baba mpaka siku ya mwisho, na hutaki niyaone uliyoyaona. Nakushukuru, tena sana. Lakini wewe mwenyewe uliitwa na bibi urudi kwenu na hukwenda, na mimi nilikuwa mdogo, nilikuwa nasikia. Usiniombe niwe mtu mwingine.

Msalimie kaka Yohana, mwambie simchukii, amefanya alivyofanya kwa kunipenda. Msalimie wifi na watoto wake. Shangazi, yule anayetushikia rozari kila jioni, mwambie aendelee, ila aache kumwombea baba Tusa kifo chema, amwombee mguu. Yule mama jirani anayekukatia majani ya ng'ombe nampa mkono. Tusa ameandika kutoka shuleni, anakusalimu bibi yake na anasema anakohoa lakini anakula.

Ukinikasirikia nitaelewa, Mama. Nikasirikie kwa barua ndefu, ndefu unavyoweza. Usininyamazie tu.

Mwanao,
Adelina,
mke wa Ambakisye