Alama ya Kidole Chako Kwenye Fremu ya Sajenti

Fundi Bahati,

Usishangae kuona nimeshika kalamu. Uliniita Profesa kwa kunicheka, kwa sababu shule niliiachia darasa la sita, lakini barua naiweza. Na mwandiko wangu ni mzuri kuliko wako. Hata mke wako Mama Neema amekubali hilo.

Karakana ipo. Hapa Katwe wanagonga sufuria na sigiri za makaa kama kawaida, na majirani bado wanaziita kazi zetu "baiskeli za sufuria." Jana niliwanyamazisha. Nilinyanyua ile fremu yako ya maonyesho kwa kidole kidogo, nikapita mbele yao nikipiga mluzi. Wamezoea baiskeli za kubebea matoke za soko la Kalerwe, chuma mpaka mgongo unalia. Titaniamu wataijulia wapi? Zamani ningecheka siku nzima. Jana nilirudi ndani, nikakaa.

Sijalia, Fundi. Kwenye msiba wako watu wenu wa Bukavu waliimba mpaka sauti zikakauka, na mimi nilikuwa nakula wali. Nikaongeza. Ulikuwa hauna chumvi. Basi, hicho ndicho ninachokumbuka.

Sasa fremu ya Sajenti. Yule dada mwanajeshi wa kambi ya Mbuya, anayetaka kuogelea ziwani, apande baiskeli, kisha akimbie, yote siku moja kama anafukuzwa na nyuki. Nimeichomelea mimi, peke yangu, gesi ndani ya bomba na gesi nje, kama ulivyonionyesha. Viungo vimetoka vyeupe kama kijiko kipya. "Buluu ni ya gomesi za akina mama, Profesa, si ya titaniamu." Nilikusikia, mzee. Hakuna buluu, hewa haikuingia.

Ila kiungo kimoja sikukigusa. Pale bomba la juu linapokutana na bomba la kiti.

Wewe uliyenipigia kelele kila siku: "Mkono!" Bomba likishasafishwa halishikwi bila glavu, mafuta ya ngozi yanaharibu kiungo, kinakuja kupasuka mtu akiwa kwenye mteremko. Anayegusa analisha karakana nzima chapati na mayai. Halafu siku ile ya mwisho ukasema umechoka. Ukavua glavu, ukataka kuinuka kwenye kigoda, ukajishikilia kwenye bomba. Mkono mtupu! Nikaruka: "Fundi, mkono! Leo chapati ni zako!" Ukaitazama ile alama ya kidole gumba, ukacheka.

"Iache. Kesho nitaifuta mwenyewe."

Asubuhi Mama Neema akapiga simu. Wamesema moyo.

Basi niliiacha. Ulisema utaifuta mwenyewe.

Nikawa nafagia. Nikapanga spana. Nikafagia tena. Mama Neema akaja, akaniambia taratibu kwamba kama fremu hiyo haikamiliki, atauza mashine na mitungi ya gesi, arudi Bukavu na mtoto. Nikamjibu, "Itakamilika, mama, mimi ndiye fundi mkali wa Kampala nzima." Akaondoka. Nikafagia.

Juzi akaja Sajenti mwenyewe. Akazunguka fremu yake, akainama pale pale. "We kijana, hapa kuna uchafu," akasema, na banange, jamani, akavuta mkono wa shati ili afute!

"Mkono!"

Fundi, ile ilikuwa sauti yako. Ilitoka kinywani mwangu lakini ilikuwa yako, mpaka wagonga sufuria wa nje wakanyamaza. Sajenti mzima akasimama wima kama yuko gwaridani. Mwanajeshi, nimemsimamisha mimi! Nilitaka kucheka, nikashindwa. Akaniuliza polepole, "Hiyo alama ni ya nani?" Nikamwambia.

Akavutavuta kofia yake. Kisha akasema, "Mzee alinipima miguu ili nipande. Hakunipima ili nije kuangalia."

Akaenda zake. Hakunigombeza hata kidogo. Angenigombeza ingekuwa rahisi.

Leo nimeifuta. Nimevaa glavu mpya, nimelowesha kitambaa kwa asetoni, nimepitisha mara moja. Ilitoka haraka sana, Fundi. Nilidhani itang'ang'ania. Nikawasha mashine kabla sijafikiri, nikachomelea. Kimetoka cheupe. Nikageuza kichwa kukuonyesha.

Kigoda chako nimekisogeza ukutani.

Unakumbuka fremu ikiisha kupoa ulikuwa unavua glavu, unaishika wa kwanza, unasema, "Sasa ni baiskeli, shikeni wote"? Nilingoja. Mama Neema alikuwa mlangoni na mtoto mgongoni, naye alikuwa anangoja. Nikavua glavu. Nikaweka gumba langu pale pale lilipokuwa lako. Langu ni dogo, lakini lina umbo zuri, usibishe. "Sasa ni baiskeli," nikasema. Mama Neema akaweka lake kando ya langu. Hakusema neno kuhusu mashine.

Hizo alama hatukuzifuta. Sajenti atazifuta kwa jasho lake.

Bado sijalia, usinicheke. Nakuahidi jambo moja: kila fremu itakayotoka hapa nitaisubiri ipoe vizuri kabla ya kuishika, na nitaishika kwa niaba yako.

Pumzika, mzee. Zile chapati ulizodaiwa, nimewanunulia wote mimi.

Profesa wako,
Kato