Kaka na masanduku ya jezi nyeupe

Wee, kaka yangu katuaibisha ugenini!

Si ndiye mtunza vifaa wa timu yetu ya kriketi? Leo mechi ya kwanza ya ova hamsini, ile ya siku moja inayochezwa kwa jezi za rangi, nyumbani kwa watani wetu. Kafungua masanduku: nyeupe tupu! Nyeupe, za mechi za siku tano! Za rangi kaziacha kabatini kwetu.

Nahodha akamwambia, "Tukishindwa, bwana vifaa, hii ndiyo safari yako ya mwisho."

Kaka akaenda kuwapigia magoti watani. Wakampa jezi zao za mazoezi huku wakicheka mpaka machozi. Vijana wetu wakazivaa ndani nje, kuficha nembo ya watani.

Na tumeshinda! Ndani nje, lebo zinapepea shingoni!

Kaka akasema kesho ataagiza zetu za rangi ziletwe kutoka nyumbani. Nahodha akaruka: "Thubutu! Hizi zina bahati. Fua hizo hizo."

Bado mechi nne. Yuko bafuni, anafua huku anaimba.