Taa Nyekundu ya Kompyuta ya Baba Haizimiki, na Mama Hataki Kwenda Kutibiwa Macho

Mpendwa Mama Liao, shikamoo. Naomba msaada wako, na tafadhali usilichapishe jina langu gazetini, maana mji wetu wa Lukang ni mdogo na kiwandani tayari wananiita Mtunza Taa.

Mimi ni mwanamume wa miaka hamsini na moja, nina akili zangu timamu, nasimamia watu kumi na wanne katika kiwanda cha mabomba ya maji, mke wangu ananiheshimu kiasi chake, lakini tangu ule usafi wa kufunga mwaka wetu wa jadi maji yamenifika shingoni kwa sababu ya taa yenye ukubwa wa punje ya mchele.

Baba yetu alifariki mwaka juzi. Alifuga njiwa wa mashindano miaka arobaini, na habari zao zote, majina, picha, dakika alizotumia kila mmoja kurudi nyumbani kutoka alikoachiliwa baharini, aliziweka kwenye kompyuta yake ya mezani ambayo tangu azikwe hakuna aliyethubutu kuigusa. Mwaka huu nikasema nyumba ya Mama haiwezi kuingia mwaka mpya na vumbi la marehemu, nikalifungua kasha la kompyuta, nikapuliza, nikafuta, nikachomoa vijiwaya vilivyokuwa vinanizuia, nikavirudisha pale nilipoona vinaingia, nikawasha, ikawaka. Ila ile taa nyekundu ya diski, ambayo zamani ilikuwa ikipepesa kila diski inapofanya kazi, ikawaka moja kwa moja na haijapepesa tena mpaka leo, na ile ya kijani iliyokuwa imetulia siku zote ndiyo sasa inakonyeza ovyo.

Mama akaingia akauliza kuna nini, nami kwa kuogopa kuambiwa nimeharibu kitu cha marehemu nikamwambia, "Taa imewaka tu, Mama. Baba yuko kazini."

Naapa ulikuwa utani. Lakini Mama ndiye anayetunza zile taa mbili nyekundu za madhabahu ya mababu zisizozimwa usiku wala mchana, akalichukua neno langu zima zima, akasema kama mababu wana taa zao basi na hii ni ya baba yenu, na atakayeizima atafute mama mwingine. Nilipomweleza ile ya kijani inavyokonyeza, akaamua kwamba hao ni njiwa.

Nimejaribu kuitengeneza, usidhani nimekaa tu. Kwanza nilifanya kile afanyacho kila mtu mwenye mashine hapa kwetu, nikanunua pakiti ya kijani ya vile vitafunio vya mahindi ambavyo jina lake maana yake ni "mtiifu", nikaiweka juu ya kasha ili kompyuta itulie na iwe na adabu, taa ikabaki vile vile. Dada yangu mkubwa, Su-chen, akaigeuza pakiti akaonyesha kwamba ilipitwa na muda tangu Desemba, akauliza nilitegemea nini. Nikanunua ya pili, Mama akaifungua na kuimimina kwenye sahani, kwa kuwa alidhani nimemletea Baba kitu cha kutafuna. Ya tatu nikaibandika kwa gundi, mpya kabisa, kijani kibichi, nikaipa wiki nzima. Hapo ndipo nilipopata wazo la kumuuliza fundi.

Fundi akanieleza kwamba taa ya diski isiyopepesa huwa na maana kuna programu inayoisumbua diski bila kupumzika, au diski yenyewe imechoka na inakata roho, na ikiwa inakata roho basi nikiizima huenda isiamke, njiwa wote wakaenda nayo. Nikafunga programu moja moja, nikasaka virusi saa tatu nzima, taa haikutikisika. Diski haina kelele, picha zinafunguka upesi kama zamani. Basi nikaogopa kuizima, Mama naye hataki izimwe, na ni wiki ya kumi sasa inawaka.

Shida yenyewe ni hii. Mama ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, na tayari ameahirisha kupasuliwa mara mbili kwa sababu hawezi kulala hospitalini Taichung na kumwacha Baba peke yake na taa ambayo umeme ukikatika itazima. Daktari amesema safari hii ya tatu, Jumanne ijayo, asipofika jicho la kulia halina ahadi tena. Mimi naenda kwake kila mchana, kwa pikipiki ni dakika kumi tu, naye huweka bakuli la wali na nyama mbele ya kompyuta, tunangoja Baba ashibe, kisha mimi nakula. Na kila siku kabla sijashika vijiti vya kulia huuliza, "Bado inawaka?" Namwambia inawaka. Naye husema, "Basi yupo. Kula, mwanangu, kinapoa."

Sasa nakuja kwenye lile ambalo hata mke wangu hajui. Su-chen alisema tumuulize Baba mwenyewe, yaishe. Mama akachukua zile mbao mbili zenye umbo la mwezi mwandamo za kuulizia mababu, akauliza kama anaruhusu tuzime yeye akatibiwe. Zikianguka moja chali moja kifudifudi ni ndiyo, zote chali anacheka tu, hajajibu, urushe tena. Kwa kuwa Mama haoni vizuri, mimi ndiye ninayezisoma. Mara ya kwanza na ya pili kweli alicheka. Mara ya tatu Su-chen alikuwa ametoka kupokea simu, mbao zikaanguka moja chali moja kifudifudi, nami nikamwambia Mama, "Bado anacheka." Sijui kwa nini nilisema vile. Mama akaziokota moja moja, akapiga simu hospitalini kuahirisha kwa mara ya pili.

Su-chen anasema mimi na Mama tunahitaji fundi lakini si wa kompyuta. Nifanyeje na hii taa?

Mimi Mtunza Taa, Lukang

*

Mtunza Taa,

Marahaba. Nimeisoma barua yako mara mbili, ya kwanza nikicheka, ya pili nikitafuta kitu cha kukupiga nacho.

Tuanze na mashine, kwa sababu ndiyo nyepesi. Diski yako haikati roho. Diski inayokufa hulalamika, hukwaruza, hukuchelewesha kwa kila picha, na wewe mwenyewe umesema iko kimya na picha zinafunguka upesi. Taa nyekundu ilianza siku ile ile uliyochomoa vijiwaya na kuvirudisha "pale ulipoona vinaingia". Siku hiyo hiyo ya kijani, inayotakiwa kutulia kuonyesha umeme upo, ikaanza kukonyeza. Umeziandika zote mbili katika sentensi moja, ndugu yangu, na bado ukaenda dukani kununua vitafunio. Umebadilisha waya: wa taa ya diski umeuchomeka penye umeme, wa taa ya umeme umeuchomeka penye diski. Unasimamia watu kumi na wanne kwenye mabomba. Namwombea kila anayefungua maji katika wilaya yenu.

Fanya hivi. Kesho nenda na diski ya nje, nakili kila kitu cha mzee wako, kisha fungua picha tano sita kwenye kompyuta nyingine uhakikishe zimefika, maana fundi wako hakukosea kukutahadharisha na mimi naweza kukosea. Kisha zima, chomoa waya wa ukutani, fungua kasha. Pembeni mwa ule ubao mkubwa wa ndani utaona vijiwaya vyembamba vinavyotoka mbele ya kasha. Soma maandishi yaliyo karibu na kila kisindano vinapochomekwa, usikisie. Vile viwili vya taa vibadilishane nafasi, kisha washa. Nyekundu ikikataa kupepesa hata hapo, mpelekee fundi, njiwa mtakuwa nao tayari. Pakiti ya kijani iache palepale juu, mimi mwenyewe ninayo hapa mezani na sitaki maneno, ila tazama tarehe.

Sasa tuseme lile uliloficha mwisho wa barua chini ya rundo la njiwa. Mficha uchi hazai, na wewe angalau umejifunua. Unasema Mama hataki taa izimwe. Mama yako haioni hiyo taa. Mtu mwenye mtoto wa jicho macho yote mawili ataonaje punje ya mchele? Ndiyo maana anakuuliza wewe, kila siku. Na kabla ya taa hii ulikuwa unakwenda kwake mara ngapi? Hukuandika, nami nadhani najua kwa nini. Mwanamke huyu alipoteza mume mwaka juzi, na mwaka huu, kwa kuharibu kwako waya mbili, amepata mwana wa kula naye mchana.

Lakini sidhani taa hiyo inawaka kwa ajili yake tu. Wewe ndiye uliyesema "Bado anacheka." Hukulia vya kutosha mwaka juzi, ukapata mahali pa kukaa na Baba saa moja kwa siku, ukaogopa pafungwe. Sikulaumu kwa kumtaka baba yako. Nakulaumu kwa kumlipisha mama yako jicho la kulia.

Na nikuambie jambo ambalo mwanamume wa miaka hamsini na moja angepaswa kulijua. Mama aliyerusha mbao hizo kila sikukuu tangu aolewe hahitaji macho kuzisoma. Zinapoanguka anasikia, na akiziokota vidole vinamwambia ipi ilikuwa chali. Alijua. Aliziokota moja moja, wasema, kisha akaahirisha. Alikuona hauko tayari, akakungoja, na gharama yake ameibeba yeye.

Kwa hiyo usinakili kitu, usifungue kasha, usiguse waya, kabla hujakaa mbele yake na kumwambia, "Mama, nilikudanganya. Baba alisema ndiyo." Mwambie ukiwa umemshika mkono, na akikujibu kwamba anajua, usijitetee.

Jumanne mpeleke Taichung wewe mwenyewe, usimtwishe Su-chen. Omba ruhusa kazini, lala kwenye kiti pembeni ya kitanda chake. Watakapomfungua bandeji, cha kwanza atakachokiona kiwe uso wako, si ukuta. Ukirudi Lukang, endelea kwenda kula mchana, na uende ukiwa na njaa.