Mfumo Uliomkataa Mama Zuhura

Mpendwa Baba Nasra,

Hilo "mpendwa" nimeliandika kwa sababu barua huanza hivyo. Usilipe uzito.

Unaikumbuka meza ya nyumbani kwetu kule Sofu, kompyuta mbili na sahani ya mihogo katikati? Tulikuwa tunatengeneza mfumo wa kuwaandikisha wagonjwa wa macho. Wahudumu wa afya wa Marui na Msimbu walituma taarifa kwa simu, na sehemu ya programu tuliyoiita kisomaji ilizipokea na kumjenga Mgonjwa humo ndani, yaani rekodi yake: jina la kwanza, la kati, la ukoo, umri, kijiji. Kisomaji cha kawaida kilitaka kila nafasi ijazwe. Mimi nikaandika chetu wenyewe, maana nimezaliwa Msimbu na najua kule mhudumu kijana hawezi kumuuliza mzee jina lake kavukavu. Ataandika anavyomwita: Mama Zuhura, Babu Shomari, basi. Kisomaji changu kililipokea jina hilo lilivyo, nafasi nyingine kikaziacha wazi tukaulize baadaye.

Ulicheka. "Mama Nasra, kompyuta haisomi adabu," ukaniambia. Nami nikacheka, maana wakati ule nilikupenda hata ukinikera.

Kisha wafadhili wakasema wanakuja kuangalia kazi, nawe ukakiondoa kisomaji changu bila kuniambia. Ulitaka majedwali yasiyo na nafasi tupu. Ukarudisha kile cha kawaida, tena ukakiamuru kila taarifa isiyokaa sawa kiitupe kimyakimya, bila hata onyo kwenye kioo. Wageni wakakusifu kwa usafi wa kazi yako.

Siku ya madaktari wa macho kuja kuwatibu walioandikishwa, mama yangu, ambaye mhudumu alimwandika Mama Zuhura tu, alivaa khanga mpya akakaa barazani tangu asubuhi akisubiri gari la wagonjwa. Nilikuwa nimemhakikishia kwa simu kwamba ameandikishwa. Gari likaja, likamchukua jirani. "Samahani mama, kwenye orodha wewe humo," dereva akamwambia. Madaktari wakaondoka zao, na nilipofanikiwa kumfikisha hospitali, presha ya macho ilikuwa imekwisha kulimaliza jicho la kushoto.

Nilipokuonyesha ulichokifanya, hata pole hukusema. Ulisema, "Mfumo haukukosea, data ndiyo ilikuwa chafu." Mama aliyekuchinjia jogoo siku ya kwanza ulipokanyaga kwake, leo ni data chafu. Kweli asante ya punda ni mateke. Miaka yote uliyokula kwake ulimwita mama, na nina hakika jina lake la kuzaliwa hulijui mpaka leo. Hakuna aliyekutupa nje kwa kutolijua.

Kisomaji changu nimekirudisha. Wewe nasikia uko Dar, una kazi kubwa na watu chini yako. Sikuombei mabaya. Mema nimejaribu kukuombea, mdomo unakataa.

Mama sijamwambia. Kila nikienda Msimbu huuliza, "Baba Nasra hajambo? Mwambie mwanangu apite huku, kisamvu kipo." Namjibu hujambo, una kazi nyingi. Siku utakayopata uso wa kumtazama, nenda. Ila ukifika kaa upande wake wa kulia. Ukikaa kushoto hatajua kama umekuja.

Baki na usafi wako.

Mama Nasra,
aliyekuwa mkeo