Nilivyowaandika Watu wa Isangala

Jumatatu, 7 Februari 1916

Akida wa serikali amekuja leo na askari wawili. Ameagiza watu wote wa Isangala waandikwe, nyumba kwa nyumba, na mwandishi ni mimi. Mwalimu Sostenes hayupo tangu askari walipowachukua walimu wa misheni kabla ya Krismasi, na hapa hakuna mwingine anayejua kalamu. Nilisema mimi nawafundisha wasichana kusoma tu. Akida akasema kuandika ni kuandika. Anasema orodha ni ya chakula. Mtama utatoka bomani Dodoma, na asiyeandikwa hatapata. Nimefurahi kidogo. Uwele shambani bado wa magotini, na ghalani tunakwangua. Lakini askari wa nini?

Jumanne, 8 Februari

Nimeanza na kwetu: kaka yangu Matonya, mke wake Hana, watoto watatu, na mimi Anyesi. Hadi jua kuwa kali nimemaliza tembe kumi na tano.

Nina daftari la mwalimu Sostenes la mwaka 1912, alipowahesabu watu kwa ajili ya shule. Tembe sitini na moja, watu mia nne na kumi na wawili. Sasa sidhani tunafika mia tatu. Wengine ndui, wengine waliifuata reli na hawajarudi. Tembe ya akina Lusinde imebomoka upande mmoja. Mbuzi wanalala pale tulipochezea arusi ya binti yao.

Jumatano, 9 Februari

Watu wanaongezeka! Kila nyumba inanitajia watu nisiowajua. Mtoto aliyehamia Kilosa yupo. Mjomba aliyepotea yupo.

Bibi Mbeleje, jirani yetu, anayeishi peke yake, amenitajia wanawe wawili. Walikufa kwa ndui, nilikuwepo mazishini. Nikainua kalamu karatasini. Akanishika mkono. "Waandike, mjukuu wangu. Chakula chao nitakula mimi."

Nimewaandika. Jioni nimejumlisha: mia nne thelathini na saba. Tumezidi hata mwaka ule wa mwalimu. Nilicheka peke yangu, kisha nikajumlisha tena. Akida akaichukua karatasi ya majina, akaikunja, akaitia ndani ya kanzu.

Alhamisi, 10 Februari

Nimekutana kisimani na Swaumu, mke wa akida, mtu wa Busi kule Kondoa. Ni mpole, tangu wafike tunasalimiana. Akaniuliza kama nina kaka. Nikasema ninaye mmoja. Akatazama nyuma, akashusha mtungi.

"Dada, mtama haupo. Majina hayo ni ya wapagazi. Wanataka wanaume sitini wa kubeba mizigo ya vita."

Akasema aliyeandikwa asipoonekana, anachukuliwa mwingine wa nyumba yake. Nyumba ikikosa mwanamume, anachukuliwa jirani. Nikauliza wanarudi lini. Akasema waliotoka Busi mwaka jana hajamwona hata mmoja.

Jirani. Bibi Mbeleje ana wana wawili waliokufa, na jirani yake ni sisi. Mkono wangu huu ndio ulioandika.

Nimemwambia Matonya. Alikuwa anasuka kamba ya ndama, hakuiacha. Akasema akikimbia watamfunga Hana mpaka arudi, wamefanya hivyo kijiji cha jirani. Akaniuliza kama akida anajua kusoma. Nikasema anasoma herufi za Kiarabu, hizi zetu hazijui. Akaendelea kusuka.

Ijumaa, 11 Februari

Nimezunguka tangu alfajiri kuwaonya watu. Nyumba tatu zimeniamini, vijana wao wameondoka na ng'ombe kwenda mbali. Wengine wameniangalia kama mwizi. Mzee Ndahani amenifukuza mlangoni. Anadai nataka mtama wote ubaki kwa watu wa misheni. Bibi Mbeleje aliniomba nifute. Nitafuta nini, bibi, na karatasi anayo akida? Ameagiza kesho niyasome majina mbele ya watu wote. Sijala.

Jumamosi, 12 Februari, adhuhuri

Naandika nyuma ya ukuta wa shule. Akida anaswali. Nina muda mfupi.

Watu wote wamekuja. Wamekuja na vikapu! Akida alinipa karatasi, akasema wanaume tu. Jina la kwanza lilikuwa Matonya. Nikaliruka. Nikawaruka wana wa Bibi Mbeleje. Nikaruka nyumba ya pili, ya tatu, nikasoma jina moja la aliyehama, nikaruka tena. Lakini huwezi kuruka wote. Saba wameitika, wamesimama karibu na askari, wanatabasamu. Mmoja ni Filipo, niliyeanza naye shule akaacha kabla ya kujua herufi. Sikuweza kumtazama.

Nikairuka nyumba ya Mzee Ndahani. Akasimama.

"Shikamoo, akida. Huyu binti ametuacha. Wanangu watatu aliwaandika mwenyewe, nimeona kwa macho yangu."

Wengine wakadakia, na sisi, na sisi pia. Akida akachukua karatasi, akaitazama muda mrefu, akanitazama mimi. Hakukasirika. Akasema baada ya swala nitasoma tena kutoka juu, na kila mwenye nyumba atasimama pembeni yangu ahesabu watu wake.

Matonya amekaa mbele kabisa, mikono magotini. Askari mmoja amehamia njia ya kwenda kisimani. Akida amekwisha kukunja msala, ananiita. Mzee Ndahani anawapanga wanawe mstarini kwa urefu, mkubwa mbele, wasirukwe tena.