Udongo Mweupe Chini ya Magurudumu

Rabai, 6 Februari 1946

Kaka Abdeali,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji Amtulla na kwa watoto. Je, kile kifua chako kimepoa? Huku sote wazima, isipokuwa mama.

Vita vimekwisha, vijana wa watu wamerudi, ndugu yangu Ngumbao hajarudi. Tangu ile barua ya serikali ya 1941, kwamba ndege aliyopanda imepotea, hatujaambiwa neno. Mama yetu Kache amekataa kukaa matanga. Asema, "Nitamlilia wapi? Nikielekea upande gani?" Nilikwenda ofisini huko Mombasa, karani akanijibu kuwa bila nambari ya ndege au jina la uwanja hawawezi kutafuta. Nasi hatukujua hata alikuwa akifanya kazi wapi, maana alikatazwa kusema.

Nakuletea picha aliyotutumia kwa posta kabla ya kupotea. Ndiye huyo chini ya bawa, anacheka. Nambari ya mkiani imefutika, pamebaki doa tu. Alikaa miaka mitatu katika duka lako la picha akijifunza kazi, ndipo nasi tukakuita kaka, na alikuwa akisema hakuna anayesoma picha kama wewe. Tusomee hii.

Dada yako,
Priscah

*

Mombasa, Ndia Kuu, 19 Februari 1946

Dada Priscah,

Salamu zako zimefika. Kifua kimepoa, namshukuru Mungu. Amtulla akupa pole, na mpe mama shikamoo yangu.

Picha nimeitazama kwa kioo cha kukuzia. Ndege ina injini mbili na tumbo pana, kwa hiyo ni ya kubeba watu na mizigo, si ya kupigana. Nambari nadhani imeliwa na umri na jasho la mikono. Ule mstari mweusi nyuma ni vichaka vya nyika. Kwa maoni yangu hapo ni Garissa, ambako ndege nyingi zilitua wakati wa vita na Waitaliano.

Mwambie mama sasa anajua upande wa kuelekea. Safari haina haja, njia ni mbaya na mahali ni mbali. Picha nakurudishia.

Ndugu yako,
Abdeali

*

Rabai, 2 Juni 1946

Kaka Abdeali,

Hujambo wewe na nyumba yako? Sisi tunaendelea vizuri, ila baba ndiyo kwanza anainuka kitandani.

Baba yangu, Mzee Dzoro, hakusikia la mtu. Alikwenda Garissa kwa malori, akiomba nafasi juu ya magunia. Hakuona kaburi wala mtu wa kumkumbuka mwanawe, basi akachota udongo wa uwanjani akaja nao kwenye mfuko, yeye na homa yake. Mama alichimba kando ya nyumba, akauzika. Tumekaa matanga siku saba, na kwa mara ya kwanza tangu 1941 nimemwona mama akila akashiba. Mungu akulipe, kaka.

Lakini kuna jambo linanikera. Udongo wa baba ni mwekundu. Ngumbao alinifundisha, naye alifundishwa na wewe, kwamba chekundu kwenye picha hutoka cheusi. Mbona hapa chini ya magurudumu ni peupe kama chokaa?

Dada yako,
Priscah

*

Mombasa, 27 Agosti 1946

Dada Priscah,

Natumai mzee amepata nguvu. Barua yako nimekaa nayo karibu miezi mitatu, kila nikishika kalamu naiweka.

Nilijua tangu siku ya kwanza. Hapo ni Port Reitz, ng'ambo tu ya kisiwa. Weupe ule ni matumbawe yaliyopondwa, na ule mstari mweusi ni mikoko ya mtoni. Ngumbao alikuwa akipakia mizigo kwenye ndege pale, na filamu aliniletea mwenyewe. Kupiga picha ndege za vita ilikuwa marufuku. Niliogopa, dada. Nilijiona nimefungwa na duka limefungwa. Hakuna aliyeniamuru, nilichukua wembe mwenyewe nikaparuza nambari kwenye picha niliyompa, filamu nikaichoma, na yeye nikamfukuza mbele ya wateja: "Usinikanyagie tena hapa na vita vyako!" Wiki ile ile akapanda ndege hiyo hiyo ya pichani.

Kukwambia Port Reitz kungekuwa kukwambia yote. Nikataja Garissa kwa kuwa niliamini hakuna atakayefika. Sikumfikiria baba.

Nilichapa picha mbili. Ya pili sikuiparuza, niliificha nyuma ya picha ya marehemu babangu ukutani, na imekuwa hapo miaka yote mitano. Hii hapa. Nambari inasomeka.

Sikuombi unisamehe. Naona haya hata kuandika neno hilo.

Abdeali

*

Rabai, 30 Novemba 1946

Kwa Bwana Abdeali,

Natumai u mzima. Sisi wazima.

Nambari nimeipeleka ofisini, wamejibu. Ndege ile ilitoka Port Reitz ikaanguka karibu na Voi. Yako makaburi matano, moja halina jina. Voi, Bwana Abdeali. Kutoka kwetu ni safari ya treni ya siku moja. Baba alikwenda Garissa.

Nilimsomea mama barua yako yote, sikuruka neno. Aliacha chungu kiungue jikoni. Kisha akasema niandike hivi, na mimi sikuongeza langu: "Mtu mmoja hana makaburi mawili. Siendi Voi kumwona mwanangu na huku nimezika uongo mlangoni pangu. Aliyenipa udongo huu aje aufukue kwa mikono yake, nikimtazama."

Priscah wa Dzoro

*

Mombasa, 4 Desemba 1946

Mama Kache,

Shikamoo. Nakuja Jumamosi kwa treni ya asubuhi, nitashuka Mazeras nije kwa miguu. Msinipikie. Jembe nitakuja nalo.

Abdeali